Bendera Nyekundu na Maji Niliyoyakataa

Kabla ya ugonjwa, acha niseme kwanza habari ya bendera. Mke wangu anasema nikianza na ugonjwa watu watafunga kitabu. Yeye mwenyewe hasomi, lakini watu anawajua.

Nilikuwa kantonie wa reli. Kwa asiyejua, kantonie ni mtu anayetembea juu ya reli kila asubuhi na nyundo ya mpini mrefu begani. Anagonga chuma anasikiliza, anatazama ile miti iliyolala chini ya chuma kama imeoza, anakaza bolti zilizolegea. Kipande changu kilianzia hapa Kindu kikaenda kusini kilomita kumi na mbili, basi. Shule nilisoma miaka mitatu, na mmoja kati ya hiyo nilikuwa nachunga mbuzi za mwalimu. Lakini reli naijua kama ulimi unavyojua meno.

Kazi ile ilikuwa na sheria moja ambayo shefu alitufundisha siku ya kwanza, hata choo hajatuonyesha. Ukikuta reli imeharibika, unachomeka bendera nyekundu, na bendera ile haiondoki mpaka shefu aje mwenyewe aone. Hata akipita mkubwa wa kampuni na suti yake, asiiguse. Mtu asiyejua kwa nini ilichomekwa ataing'oa kwa sababu njia inaonekana nzuri, na treni itaanguka mtoni.

Wiki ile askari walipokuwa wanakaribia Kindu, nilikuta reli imepasuka kilomita ya tisa, karibu na kalvati. Nikachomeka bendera. Mwenzangu nikamtuma akamwite shefu. Mwenzangu hakurudi, baadaye nilisikia alivuka mto na watoto wake, na nani atamlaumu. Mimi nikabaki. Watu walipita juu ya reli wakikimbia, wamebeba magodoro, cherehani, kuku, bibi mmoja amebebwa mgongoni kama mtoto. "Papa Salumu, kimbia!" Ninawajibu: siwezi, kuna bendera. Siku mbili nilikaa pale nikila muhogo mbichi.

Siku ya pili, mchana, akatokea askari mmoja peke yake.

"Muzee, unalinda nini?"

"Bendera."

"Treni iko?"

"Inaweza kuja."

Alicheka mpaka bunduki ikateleza begani. Kisha akaing'oa bendera yangu, akajifunga kichwani na kuendelea na safari. Nikajiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nikarudi nyumbani. Treni haikupita pale miaka na miaka, majani yaliota kati ya vyuma na mbuzi wakalala humo. Mpaka leo, kwenye kila harusi, mke wangu lazima awaambie wageni: "Huyu mwanaume wangu alilinda njia ya majani."

Siisemi habari hii kwa ajili ya vita. Vita kila mtu wa hapa ana yake, na yangu ni ndogo. Ninaisema kwa sababu kichwa kile kile cha bendera kilitaka kuniua mara ya pili, nikiwa mzee wa wajukuu, na safari hii si mimi peke yangu.

Ulianza uvimbe shingoni, mdogo kama yai la njiwa, wakati wa mvua. Hauumi. Ungeuma ningekwenda mapema, lakini ulikaa tu pale kama mgeni asiyeaga. Na watu wa Kindu, Mungu awape afya, kila mmoja alikuwa daktari. Jirani mmoja akasema ni jino. Wa pili akasema kuna mtu wa kazini amenitupia kitu. Kazini gani? Kampuni yenyewe ilikuwa imetusahau sisi wote, angebaki nani wa kunionea wivu? Shangazi wa mke wangu akaleta mtu akanichanja kwa wembe, akapaka unga mweusi. Uvimbe ukabaki vile vile, sasa na unga juu yake. Kiangazi kilipofika ukatokea mwingine kwapani, nikawa natoka jasho mpaka godoro linaanikwa uani kila asubuhi kama la mtoto kikojozi. Miezi sita nilipoteza hivyo. Wewe unayesoma ukiwa na uvimbe wako, usipoteze hata moja.

Lopitali niliyokwenda siitaji jina. Walikata kinyama kwenye uvimbe, wakakitia kwenye chupa, wakakituma mbali kwa ndege kikatazamwe. Nyama yangu ilipanda ndege kabla yangu, mimi mpaka leo sijapanda. Ikakaa huko ninyi mnajua muda gani. Jibu liliporudi, dokta akaniita. Mwanamke kijana, sauti ndogo, macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Papa, ni kansa ya tezi. Dawa yake iko. Tutaweka mara sita, kila wiki tatu mara moja. Sita, Papa. Ukiacha katikati, inarudi, na safari hiyo inarudi imeshaijua dawa yetu."

Nikamuuliza dawa yenyewe inafanya nini, maana nilikuwa nimechoka kumezeshwa vitu. Akaniuliza nilifanya kazi gani. Nikasema reli. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni.

"Basi utaelewa kuliko wote. Ndani ya kila chembe ya mwili wako kuna reli. Vyuma viwili, miti katikati, imejisokota kama kamba. Mwili ukitaka chembe mpya, vyuma vinaachana, treni inapita pale inainakili reli yote, mti kwa mti. Ugonjwa wako ni chembe ambazo treni zake hazisimami."

"Dereva amelala?"

"Dereva hayuko kabisa. Sasa, hii dawa nyekundu inajiingiza kati ya mti na mti, kama kabari. Nyingine isiyo na rangi inafunga chuma kwa chuma, vinakataa kuachana. Treni ikifika inakwama. Chembe inakufa."

Nikauliza swali ambalo kantonie yeyote angeuliza. "Na treni nzuri? Za nywele, za tumbo, za damu?"

"Nazo zinakwama. Zile zenye safari nyingi njo zinaumia zaidi. Lakini reli nzuri ziko na watu wa kuzitengeneza, baada ya wiki tatu zinakuwa nzima tena. Za ugonjwa hazina kantonie mzuri."

"Kwa hiyo mnapiga kabari reli za nchi nzima ili mkamate treni moja ya mwizi."

"Njo vile, Papa. Ndivyo hivyo."

"Hakuna njia nyingine?"

"Kama iko, haijafika Kindu."

Nikakubali. Nilikasirika, lakini nilikubali. Na sikujua kwamba kichwani mwangu, kabari yake ilikuwa imeshageuka bendera yangu. Nyekundu, imechomekwa relini, haiondoki mpaka mkubwa aje. Nani angenizuia kufikiri hivyo?

Sasa njoo kwenye benchi. Ukitaka kujua kansa ni nini, usiulize dokta, uliza benchi. Dawa zilikuja kwa ndege ndani ya sanduku la baridi, na ndege ilikuja ilipotaka. Tulikaa pale ukutani tangu alfajiri tukisikiliza mbingu. Mlio ukisikika, benchi zima linainua shingo kama kuku walioona mwewe. Ndege inatua, tunangoja. Anakuja mtu kutuambia ilileta sabuni na vinywaji, sanduku letu limebaki, rudini keshokutwa. Keshokutwa unarudi, na miguu haina nguvu, na jirani yako anatapika ndani ya kopo la maziwa.

Benchini pale njo nilimkuta Lusungu. Mchimba dhahabu wa Kampene, upande wa Pangi, mwili umekauka lakini mikono mikubwa kama majembe, shingoni ana vimbe mbili na mimi nina mmoja. Akaniuliza mke wangu ni wa wapi. Nikasema wa Pangi. Akapiga kofi gotini.

"Basi wewe ni shemeji! Dada yetu umemzeesha hivyo?"

Tangu hapo heshima ilikwisha. Ninyi wangwana wa Kindu, alikuwa akisema, hata kansa yenu inapiga hodi. Mimi nikamwambia ninyi wa mashimo mmechimba mpaka mkaitoa mahali ilipolala. Aliniambia habari za shimo lao, jinsi wanavyoshuka na tochi kichwani, na jinsi mtu anavyosikiliza udongo kabla haujaanguka. Nikamwambia na mimi nilisikiliza chuma. Tulielewana. Rehema ndogo za ugonjwa ni hizo, unapata shemeji usiyemtolea chochote.

Dawa ya kwanza tuliwekewa siku moja, mimi na yeye. Nyekundu kweli, kama maji ya maua mekundu ya ngai-ngai, inashuka kwenye mpira mpaka mkononi. Dokta akasema: kunywa maji, lita tatu, leo na kesho na keshokutwa. Halafu akasema: mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili, usiogope, ni rangi ya dawa. La kwanza liliingia sikio la kushoto likatokea la kulia. La pili likabaki, lakini neno moja tu: dawa.

Nyumbani nikaenda choo, nikaona nyekundu inatoka. Nikashika ukuta. Dawa niliyoingojea wiki tatu, iliyopanda ndege, iliyonitapisha njia nzima juu ya pikipiki, sasa inaniacha kabla jua halijazama! Na nani ameiruhusu? Dokta hajaja kuiondoa. Nikafikiri kwa akili zangu za miaka mitatu: kinachoisukuma nje ni maji. Basi nisinywe.

Mke wangu, Mama Zaina, alikuwa akihesabu vikombe. Analeta, anasimama, "Kunywa." Nasema weka hapo, nitakunywa. Akigeuka, namwagia mpapai ulio nyuma ya choo. Kiangazi kile majani ya Kindu yote yalikuwa ya kahawia, mpapai wetu ukanawiri kama wa bustani ya askofu.

Mwili nao ukaenda ulikokwenda. Vidole vikafa ganzi, vifungo vya shati nilifungiwa na mke. Kila chakula kikawa na ladha ya bolti yenye kutu, hata sombe ya majani ya muhogo, hata samaki mbichi wa mto Lualaba ambao sikuwahi kuwakataa maishani mwangu. Kucha zikapata mistari myeusi. Ndevu zangu nyeupe, nilizozitunza tangu nipate mjukuu wa kwanza, zilianguka nikiwa nasujudu. Niliinua kichwa, zikabaki juu ya mkeka. Mke akaziokota moja moja kwa kitambaa, akazizika nyuma ya jiko. Wajukuu walisema nafanana na kobe. Niliwafukuza, kisha nikajitazama kwenye kioo, walikuwa wamesema kweli. Watu wa kuja kunipa pole walizidi kuwa hodari: wanakaa, wanataja kila mtu waliyemjua aliyekufa kwa kansa, wanakula wali, wanaondoka. Ndugu yangu mkubwa hakuja kabisa, alisema ananiombea kutoka kwake. Ukuta wa kwake na wa kwangu ni mmoja.

Baada ya dawa ya pili nikashika adabu zaidi, kikombe kimoja asubuhi basi. Na tazama: siku ya tano mkojo bado mwekundu! Siku ya sita bado! Unachoma kama pilipili, lakini nilitoka chooni nikicheka peke yangu. Siku ya kupima damu nikamkuta Lusungu benchini.

"Shemeji, yako imetoka siku ngapi?"

"Siku mbili ikakwisha."

"Sababu unakunywa kama ng'ombe. Yangu iko ndani mpaka leo."

Akanitazama kwa wivu, wivu wa kweli, kama wa mtu aliyeona mwenzake ameangukia mshipa wa dhahabu. "Unafanya namna gani?"

Nikamfundisha. Nilimfundisha vizuri, na habari ya bendera nikamwambia, na mpapai. Haya yote ninaandika kwa sababu ya dakika zile tano za benchini. Mengine ni mapambo.

Dawa ya tatu tukaipokea wote wawili tukiwa wakavu kama kuni. Siku ya nne baadaye nikashindwa kukojoa. Vinatoka vipande, kama maini. Nikajikunja chini ya ukuta wa choo, na mke wangu alipokuja kuniinua, mguu wake ukazama kwenye tope. Tope, kiangazi. Akatazama chini, akatazama mpapai, akanitazama.

"Salumu. Huu mti unanyweshwa na nani?"

Nikageuza uso ukutani.

"Unatawadha mara tano kwa siku, kumbe maji unayaogopa kooni! Kwenye reli ulilinda majani, sasa umekuja kulinda mkojo!"

Alilia huku akinitukana, na huku amenikamata kiunoni juu ya pikipiki, mimi katikati yake na dereva kama gunia. Lopitali wakaniingiza mpira wakaanza kunisafisha. Dokta akashika chupa ya mkojo wangu akaitazama kwenye mwanga.

"Papa, hii si dawa. Ni damu yako."

Akanieleza, na sauti yake ndogo ilikuwa inatetemeka kwa hasira. Kwamba dawa ilikwisha kushika reli siku ile ile ya kwanza. Kwamba kinachotoka kwenye mkojo ni mabaki, na yale ya dawa isiyo na rangi ni kama majivu ya moto, yakikaa kwenye kibofu yanakiunguza. Maji njo yanayabeba nje. Nikamuuliza, kwa aibu, na bendera nani anaing'oa?

"Hakuna bendera, Papa! Kuna kabari, na kabari haitoki kwa kukojoa!"

Kisha akauliza: "Kuna mtu mwingine umemwambia hivi?"

Nilihesabu matone kumi kwenye mpira. Halafu nikamtaja.

Walimtuma dereva wa pikipiki kwa binamu wa Lusungu, huko Kasuku, alikokuwa amefikia. Wakamkuta amelala, anavuja damu siku ya tatu, hajamwambia mtu. Alifikiri anashinda. Wakamlaza kitanda cha pembeni yangu, na mpira wake, na chupa yake. Akageuza kichwa polepole.

"Shemeji. Ulisema tunalinda nini?"

"Bendera."

Akacheka, kicheko kikamuumiza, akaanza kulaani. Mimi nilitazama dari.

Tulipona kibofu, lakini dawa ya nne ilichelewa wiki mbili kwa sababu yangu. Siku hiyo tulikunywa mbele ya dokta, kikombe kwa kikombe, kama watoto wa shule. Mvua zilikuwa zimeanza. Na vimbe zilikuwa zimekwisha, zangu na zake, shingo laini kama mtungi. Mimi nilifurahi. Lusungu alifurahi kwa namna nyingine, iliyonitia baridi.

"Mimi nimepona," akasema. "Kampene kuna shimo jipya."

"Bado mbili, shemeji. Sita, alisema."

"Nilimwamini yeye, nikatapika mpaka utumbo. Nikakuamini wewe, nikakojoa maini. Sasa naamini shingo yangu." Akajipapasa. "Gusa. Iko nini hapo?"

Niligusa. Hapakuwa na kitu. Njia inaonekana nzuri, nilitaka kumwambia, njo hapo watu wanang'oa bendera. Lakini bendera zangu nilikuwa nimeshazitumia zote kwake.

Mimi nilimaliza sita. Ndevu zimerudi, nyepesi, na rangi ya majivu. Vidole bado vinakufa ganzi asubuhi. Samaki ana ladha ya samaki. Mpapai umezaa, mke wangu anakata mapapai yale mbele ya wageni, akitaja kila moja nani alilinywesha. Kama uko kwenye dawa hii, kunywa maji unayoambiwa, mwambie dokta kila kitu hata cha aibu, na ukihisi umepona, hesabu kwanza. Hayo njo niliyokuwa nayo ya kukupa.

Imebaki kusimulia siku ya dawa ya tano. Tulikuwa benchini, asubuhi, mvua imekatika, ndege bado haijasikika. Lusungu alikuja, nami nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nywele zilikuwa zinamrudia kidogo kidogo. Tulizungumza habari za mvua na mashimo. Baadaye akainua kibidoni chake cha maji, akakitikisa.

"Imekwisha. Naenda kutafuta maji, shemeji. Nilindie nafasi."

"Iko maji hapa bombani."

"Ya bomba iko na ladha ya chuma."

Akasimama. Akachukua kibidoni, na akachukua mfuko wake wa nguo. Mtu anayekwenda kuchota maji anabeba nguo za nini? Niliona. Nilifungua mdomo. Lakini habari ya maji mdomo huu ulikuwa umeshamdanganya mara moja, nikaufunga.

Mlio wa ndege ukasikika. Benchi zima likainua shingo, na mimi pia. Nilipoteremsha macho alikuwa amefika getini. Madereva wa pikipiki wakamwita, akawakatalia kwa mkono. Akashika barabara kwa miguu, akiruka madimbwi, kibidoni kinaning'inia kidoleni. Hakugeuka.

Mwanamke mmoja akaja akitaka kukaa. Nikaweka mkono juu ya ubao.

"Samahani, mama, kuna mtu."

Nilisema hivyo mpaka jioni. Na wiki tatu baadaye, siku ya dawa ya sita, nikaweka mkono pale pale, nikasema tena.